SOMO LA MWEZI: RANGI YA KIFARANGA WA BATA NA HAKI KATI YA MAJIRANI

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Mwanzo 30:25-43, Mwanzo 31:10-12, Mithali 18:17, Mithali 27:23, Yohana 7:24

 

Mwezi huu tunajifunza habari za bata. Ndugu wengine watauliza: bata na kanisa wana uhusiano gani? Tunajibu kwamba Mithali 27:23 inatutaka tujue vizuri hali ya mifugo yetu. Tena, tangu mwaka 2023, mgao wa chakula hapa Uganda umekuwa ukitolewa kwa makundi kulingana na uhitaji wa kaya, na kaya nyingi hazipati tena kitu. Kwa hiyo mama mwenye bata watano ana mali ya kulinda. Mayai ni ada ya shule na dume mnene ni dawa ya mtoto.

Lakini kuna sababu nyingine. Wazee wa kanisa wameletewa zaidi ya mara moja mashauri yanayohusu vifaranga. Mtu amempa jirani jike amtunze, kwa mapatano kwamba wakianguliwa watagawana nusu kwa nusu. Bata wote wawili, dume na jike, wana rangi nyeusinyeusi. Siku ya kuangua wanatoka vifaranga wawili wa njano tupu, ambao baadaye wanakuwa weupe kabisa. Maneno yanaanza: "Umebadilisha mayai!" Wengine wanafika mbali zaidi na kutaja uchawi. Watu waliokimbia vita pamoja wanaacha kusalimiana kwa ajili ya kifaranga mmoja.

Wapendwa, rangi ya kifaranga ina sheria zake, na Mungu ndiye aliyeziweka. Anayezijua hamshitaki jirani bure, wala hadanganywi wakati wa kugawana.

1. KWANZA TUWATOFAUTISHE BATA WETU

Hapa kwetu kuna bata wa aina mbili.

(a) Bata wa kawaida, ambaye jike lake hupiga kelele nyingi. Asili yake ni bata mwitu wa nchi za kaskazini, na mayai yake huanguliwa kwa siku 28 hivi.

(b) Bata wa uso mwekundu, ambaye ana nyama nyekundu kuzunguka macho na mdomo, na halii kwa sauti kubwa. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Mayai yake huchukua siku 35 hivi. Dume lake ni kubwa karibu mara mbili ya jike.

Aina hizi mbili zinaweza kupandana, lakini watoto wao ni kama nyumbu: wananenepa vizuri, ila hawaendelezi uzao. Msiwaweke kwa mbegu. Tena msichanganye sheria za rangi za aina moja na nyingine. Tutaonyesha kila sheria ni ya nani.

2. URITHI ULIOFICHIKA

Aliyetufungulia mlango wa jambo hili alikuwa mtawa, Gregor Mendel, wa monasteri ya mji wa Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Czech. Kuanzia 1856 hadi 1863 alipanda njegere kwenye bustani ya monasteri, akihesabu rangi na umbo la mbegu katika maelfu ya mimea. Aliandika matokeo yake mwaka 1866. Watu hawakuyajali mpaka mwaka 1900, na yeye alikuwa amekwisha kufa tangu 1884.

Mendel aliona kwamba kila kiumbe hupokea urithi kutoka pande mbili, fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Mafungu hayo tunayaita chembe za urithi. Wakati mwingine chembe moja huonekana na nyingine hujificha. Ile iliyojificha haijafa. Inangoja.

Tuchukue weupe wa bata wa kawaida. Chembe ya kuwa na rangi tuiite R. Chembe ya weupe tuiite r. Basi:

- Bata mwenye R na R ana rangi.
- Bata mwenye R na r ana rangi vilevile, lakini amebeba weupe ndani yake.
- Bata mwenye r na r ni mweupe.

Kwa macho, huwezi kumtofautisha wa kwanza na wa pili. Sasa dume mwenye R na r akipanda jike mwenye R na r, kila mzazi hutoa chembe moja tu kwa kila kifaranga. Katika kila nafasi nne, moja ni R na R, mbili ni R na r, na moja ni r na r. Maana yake, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne atakuwa mweupe, ingawa wazazi wote wawili wana rangi.

Hapo ndipo walipotoka wale vifaranga wawili wa njano. Hakuna aliyebadilisha yai. Mababu wa bata wale walibeba weupe, nao umepita kimya kimya hadi kwa wajukuu.

Angalieni lakini: mmoja kati ya wanne ni wastani, si ahadi. Katika vifaranga 8 mnaweza kupata weupe wanne. Mnaweza pia kukosa hata mmoja, na jambo hilo hutokea karibu mara moja katika kila mara kumi. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mwaka jana hawakutoka weupe, kwa nini mwaka huu?"

Kinyume chake pia tukijue. Bata wa kawaida wawili walio weupe wana r tupu, hawana R ya kutoa. Wakizaa kifaranga mwenye rangi, basi kwa kawaida baba ni dume mwingine, au yai ni la jike mwingine. Hata hapo si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni dume la jirani lililopita asubuhi.

Hesabu hii ya weupe ni ya bata wa kawaida tu. Kwa bata wa uso mwekundu weupe hufuata njia nyingine, kwa hiyo msiitumie kwao.

3. LABANI ALITAZAMA NGOZI

Fungueni Mwanzo 30. Yakobo alifanya kazi miaka mingi kwa mjomba wake Labani. Wakapatana kwamba mshahara wake uwe mbuzi wenye madoadoa na mabaka, na kondoo weusi. Siku ile ile Labani akawaondoa wanyama wote wa namna hiyo, akawakabidhi wanawe, akaweka mwendo wa siku tatu kati yao na Yakobo. Alidhani amemaliza hesabu. Yakobo alibaki na wanyama wa rangi moja tu, na kwa macho ya Labani hao wasingeweza kumzalia mtu wa mshahara kitu.

Lakini wanyama wale wa rangi moja walizaa wenye madoadoa. Yakobo alitumia fito zilizobanduliwa maganda, kwa imani ya wachungaji wa zamani kwamba mnyama huzaa kile alichokitazama. Hata leo tunawasikia watu wakisema hivyo. Ila katika Mwanzo 31:10-12 Yakobo mwenyewe anasimulia ndoto ambamo Mungu alimwonyesha kuwa madume waliokuwa wakipanda walikuwa wenye madoadoa. Fito hazitajwi pale. Mungu alimwonyesha madume, kwa sababu aliona udhalimu wa Labani.

Sisi tunajifunza hivi: Labani alihukumu kwa ngozi, na kilichokuwa ndani ya wanyama hakukiona. Yesu naye, katika Yohana 7:24, anatukataza kuhukumu kwa sura ya nje.

4. BATA WA KIJIVU

Hapa tunasema kwa kifupi. Rangi ya kijivu chenye ubuluu hutokana na chembe moja inayofifisha weusi. Bata mwenye chembe moja ya namna hiyo ni wa kijivu. Mwenye mbili hufifia zaidi, akawa karibu na rangi ya majivu meupe. Asiye nayo ni mweusi.

Kwa hiyo kijivu kwa kijivu huzaa rangi tatu: robo weusi, nusu kijivu, robo wa majivu meupe. Anayetaka vifaranga wote wawe wa kijivu ampandishe mweusi na yule wa majivu meupe. Sheria hii ni ya bata wa aina zote mbili.

5. NANI ANAAMUA DUME AU JIKE?

Hapa tunaomba akina baba wasome kwa makini.

Katika ndege, dume ana vibebeo viwili vya jinsia vinavyofanana, vinaitwa Z na Z. Jike ana Z na W. Dume hutoa Z siku zote. Jike hutoa Z au W. Akitoa Z, kifaranga ni dume. Akitoa W, kifaranga ni jike. Kwa hiyo kwa bata, mama ndiye ambaye yai lake huamua jinsia.

Kwa binadamu ni kinyume. Mama ana X na X, naye hutoa X siku zote. Baba ana X na Y, naye hutoa X au Y. Mtoto wa kiume hutokana na Y ya baba.

Wapendwa, katika makazi yetu bado kuna akina mama wanaotukanwa na mawifi, na wengine wanafukuzwa au kuletewa mke wa pili, kwa sababu wamezaa wasichana tu. Tunasema wazi: mama hana Y ya kutoa. Wala baba naye hachagui ni mbegu ipi itatangulia, kwa hiyo tusihamishe lawama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Binti ni zawadi ya Mungu sawa na mvulana. Anayemtesa mke wake kwa jambo hili anamtesa mtu asiye na kosa.

6. RANGI INAYOFUATA JINSIA

Kuna chembe za rangi ambazo zimekaa juu ya kile kibebeo Z. Kwa kuwa dume ana Z mbili na jike ana moja tu, rangi hizo hazirithiwi sawasawa na madume na majike.

Jambo hili lilianza kuelezwa nchini Uingereza, na mmoja wa waliolieleza alikuwa mchungaji wa kanisa. Reverend G. H. Raynor alikuwa akifuga nondo wenye mabaka, akaona kwamba wale wa rangi iliyofifia walikuwa karibu wote majike. Akishirikiana na mwanasayansi Leonard Doncaster, walitangaza matokeo ya kuwapandisha mwaka 1906. Nondo wana utaratibu ule ule wa Z na W kama ndege.

Kwa bata wa uso mwekundu, rangi ya namna hii ni ya chokoleti, yaani kahawia iliyokolea mahali pa weusi. Chembe ya chokoleti hujificha mbele ya chembe ya weusi. Dume akiwa na Z moja ya chokoleti na moja ya weusi, ataonekana mweusi. Jike ana Z moja tu, hana pa kuificha. Akiipokea, inaonekana.

Matokeo ni haya:

(a) Dume la chokoleti na jike jeusi: vifaranga wote wa kike ni chokoleti, na wote wa kiume ni weusi. Binti amepokea Z ya baba peke yake. Mwana amepokea pia Z nyeusi ya mama, ikaifunika ile ya chokoleti.

(b) Dume jeusi lisilobeba chokoleti na jike la chokoleti: vifaranga wote ni weusi. Lakini wana wote wa kiume wamebeba chokoleti kwa siri.

(c) Dume jeusi lililobeba chokoleti na jike jeusi: wana wote ni weusi. Mabinti, kwa wastani, nusu weusi na nusu chokoleti. Hapa kifaranga yeyote wa chokoleti ni jike.

(d) Dume jeusi lililobeba chokoleti na jike la chokoleti: chokoleti na weusi hutokea katika jinsia zote mbili, kwa hiyo rangi haikuambii kitu.

Someni tena mstari (c). Wazazi wote wawili ni weusi, na kifaranga wa kahawia anatoka. Jirani asiyejua atasema yai limebadilishwa, kumbe ni sheria.

Faida ya mstari (a) ni kubwa. Siku ya kuangua, manyoya laini ya vifaranga yakishakauka, unawatenga kwa macho: wa kahawia ni majike, weusi ni madume. Si lazima ungoje wiki nyingi mpaka ukubwa wa mwili uwatofautishe. Wala si lazima kuminya sehemu za siri za kifaranga, kazi ambayo mtu asiyefundishwa anaweza kumwumiza nayo. Majike unawatunza kwa kutaga na kuatamia, na madume unawapangia soko la nyama.

Kwa bata wa kawaida kuna mfano wa kaki. Mama mmoja wa Uingereza, Adele Campbell wa kijiji cha Uley, ndiye aliyezalisha bata wa kaki mwanzoni mwa karne ya 20, nao wakajulikana kwa wingi wa mayai. Wakaitwa kaki kwa kufanana na nguo za askari. Ile chembe inayofanya weusi uwe kaki imekaa juu ya Z. Dume la kaki likipanda jike lenye rangi ya bata mwitu, mabinti wanatoka kaki na wana wanatoka na rangi nzito. Ni mstari (a) ule ule.

7. JINSI YA KUFANYA NYUMBANI

- Chagua dume moja kwa majike manne au matano, uwafungie mahali ambapo dume la jirani haliingii.
- Ngoja wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuatamia. Mbegu ya dume la zamani hukaa ndani ya jike kwa siku nyingi, na vifaranga wa kwanza wanaweza kuwa wa dume lile.
- Weka alama ya mkaa au kalamu kwenye kila yai, hasa kama unampa kuku akuatamie.
- Siku ya kuangua, hesabu vifaranga mbele ya shahidi na uandike rangi zao katika daftari. Andika pia rangi ya baba na mama.
- Ukitaka kujua kama dume lako la kawaida lenye rangi limebeba weupe, lipandishe na majike weupe. Kifaranga mweupe hata mmoja ni ushahidi kwamba limebeba. Vifaranga saba mfululizo wakitoka na rangi, karibu una hakika kwamba halikubeba.
- Usipandishe kaka na dada mwaka baada ya mwaka. Chembe mbaya nazo hujificha kama weupe unavyojificha, na zikikutana vifaranga hufia ndani ya yai au hutoka dhaifu. Badilishaneni madume na ndugu wa kijiji kingine.

8. KABLA YA KUMSHITAKI JIRANI

Mithali 18:17 inatufundisha kuwa anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Basi tuulize kwanza: Je, wazazi wanaweza kuwa wamebeba rangi hiyo? Je, kulikuwa na dume jingine karibu? Je, wiki tatu zilipita? Je, mayai yalikuwa na alama? Maswali haya yakipata majibu, mashauri mengi yataisha nyumbani kabla ya kufika kwa wazee.

Na kuna onyo kwa sisi tuliojifunza somo hili. Elimu hii inaweza kuwa fimbo ya kuwapigia wengine. Ukijua kuwa vifaranga wa kahawia wote ni majike, unaweza kumwambia mjane mliyepatana naye nusu kwa nusu, "Mimi napenda hawa wa kahawia, wewe chukua weusi." Ataona umegawa sawa, kumbe umemwachia madume matupu na mwakani hatakuwa na yai hata moja. Hiyo ni njia ya Labani. Mwambie kwanza unachokijua, ndipo mgawane: majike nusu kwa nusu, na madume nusu kwa nusu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Bata wa kawaida, dume na jike wote wana rangi, wametoa vifaranga 8, wawili ni weupe. Mwelezee jirani aliyekasirika sababu yake.
2. Bata wa uso mwekundu wawili weusi wamezaa kifaranga wa chokoleti. Ni dume au jike? Mmejuaje?
3. Labani alimfanyia Yakobo nini katika kugawana mifugo? Sisi tunafanya hivyo kwa njia zipi?
4. Kikundi cha akina baba: tutamwambia nini ndugu anayemlaumu mke wake kwa kuzaa wasichana tu?

Sala: Ee Bwana, wewe unaona yaliyofichika ndani ya viumbe vyako na ndani ya mioyo yetu. Tupe akili ya kutunza kidogo tulicho nacho, na haki ya kukigawana bila hila. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Msomeeni somo hili na asiyejua kusoma.